Hana shida ya mume

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, nikakuonea huruma. Mara ya pili niliisoma kama mwanamke, nikacheka mpaka miwani ikanidondoka.

Unasema mchumba wako amekwambia, "Mimi sina shida ya mume. Nakutaka wewe." Sentensi ya kwanza imekunyima usingizi siku tatu, ya pili naona haikukufikia kabisa. Kisha unaniuliza: "Mama, mwanamke asiye na shida na mimi atakaa nami kwa sababu gani?" Na kama vile hilo halitoshi, umeniambatanishia jedwali la safu mbili, faida za kuoa huku, hasara kule.

Jedwali kwanza. Si wewe uliyelianzisha. Mwaka 1838 Charles Darwin, yule mwanasayansi, alichukua karatasi akaandika "kuoa" upande mmoja na "kutooa" upande wa pili. Kwenye kutooa aliweka uhuru wa kwenda apendako, mazungumzo na wanaume wenye akili, na kutolazimika kutembelea ndugu. Kwenye kuoa aliweka mwenzi wa uzeeni, akaongeza kwamba hata hivyo ni afadhali kuliko mbwa. Mwishowe akajiamulia: oa, oa, oa. Januari 1839 akamwoa binamu yake Emma Wedgwood, wakazaa watoto kumi. Kwenye jedwali lako mbwa simwoni, kwa hiyo siwezi kusema wanaume hamjapiga hatua.

Sasa swali lenyewe. Nilipomwoa baba yako... unaona? Hata kuandika siwezi. Niliolewa na baba yako. Lugha imeshatugawia kazi: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, kama yeye ndiye shoka nami ndiye mti. "Kuoana" lipo, neno zuri kabisa, ila watu hulivaa siku ya harusi, na kesho yake hulirudisha kabatini pamoja na nguo.

Basi niliolewa nina miaka ishirini na miwili, na shida zote ninazo. Sina kazi, sina akiba, na kila niliyekutana naye ananiuliza lini. Baba yako akazimaliza zote kwa mkupuo. Ndiyo sababu tuliishi miaka tisa bila mimi kujua kama nampenda. Ningejuaje? Mwenye njaa haulizwi chumvi imekolea. Nilicheka vichekesho vyake vyote, na katika vyote hivyo vilivyochekesha kweli ni vitatu. Naye, maskini, akaamini ana kipaji, akawa anavirudia mbele za watu.

Wala usidhani ilikuwa hali yangu peke yangu. Uingereza ilisubiri sheria ya 1882 ndipo mke akaweza kumiliki mali yake mwenyewe kama asiyeolewa. Ufaransa, nchi inayosifiwa kwa mapenzi dunia nzima, mke alisubiri hadi 1965 kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila idhini ya mume. Marekani ni 1974 ndipo sheria ilipowakataza wakopeshaji kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu ameolewa au hajaolewa. Hebu wafikirie wanaume wote waliotangulia hapo, waliozikwa wakiamini wamependwa. Huenda walipendwa kweli. Lakini walikuwa na njia gani ya kujua? Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, nao wakawa wanajisifu kwamba mke hatoki.

Mchumba wako anao ufunguo wake, na bado amekaa sebuleni kwako. Nawe unalalamika.

Tulipoachana na baba yako, watu waliniuliza nani atanilinda. Nikabadilisha kitasa. Wakaniuliza nani atanitunza. Nikajifunza uhasibu, nikapata kazi ya kutunza vitabu vya hesabu vya watu, na kwa mara ya kwanza nikaviona vya kwangu. Wahenga wanasema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Nikajinunulia nguo. Palizi nikagundua sikuwa naihitaji.

Baadaye wawili walikuja kuniposa, hukuwajua, ulikuwa shuleni. Mmoja aliniahidi kwamba nikimkubali atanitunza maisha yangu yote. Nikamuuliza wewe sasa hivi anakutunza nani. Akafikiri, akasema: mama. Wa pili alikuwa mtu mwema, mcheshi, na nilimpenda. Huyu wa pili ndiye aliyenifundisha ninachokuandikia. Kwa kuwa sikumtegemea kwa lolote, niliweza kumtazama. Nikaona anavyowasikiliza watu wanyonge, nikaona pia anavyonuna akishindwa mabishano. Niliona mtu mzima mzima. Hatukuoana kwa sababu alitaka nihame na mimi sikutaka, basi. Hadi leo tunasalimiana vizuri, jambo ambalo wana ndoa wengi hawaliwezi.

Usije ukadhani nakuuzia upweke. Uhuru una mengi, lakini ukishikwa na homa usiku hauchemshi maji. Wala usidhani nasema wanawake ni malaika. Baba yako akiniuliza nina nini, nilikuwa namjibu "hakuna kitu," na maana yangu ilikuwa vitu kumi na viwili, kisha namkasirikia kwa kushindwa kuvihesabu. Yeye naye alikuwa akiuliza soksi zake ziko wapi kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Tulifaana sana kwa namna hiyo.

Unaogopa kwamba asiye na shida nawe ataondoka. Ndiyo, anaweza. Hata mwenye shida huondoka, ila yeye huanza kuondoka moyoni, mwili ukabaki mezani miaka ishirini ukikupashia kiporo. Amelia Earhart, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1932, asubuhi ya harusi yake mwaka 1931 alimkabidhi bwana harusi, George Putnam, barua. Humo alimtaka aahidi kwamba wasipopata furaha pamoja, baada ya mwaka mmoja atamwachia aende zake. Putnam akaisoma, akamwoa siku hiyo hiyo. Walikuwa bado mume na mke ndege yake ilipopotea mwaka 1937. Ingekuwa wewe, ungeomba dakika tano utengeneze jedwali.

Kuhusu yeye kupata mshahara mkubwa kuliko wako, sina maoni. Pesa ikiingia nyumbani haina jinsia. Jifunzeni tu kuzungumza habari zake mchana, msingoje usiku mmechoka.

Jambo moja ndilo lililonisumbua katika barua yako. Kurasa tatu umeniandikia. Nimesoma kwa nini wewe unamtaka, kwa nini unaogopa, marafiki zako wanasema nini, na jedwali juu. Nimetafuta mstari mmoja unaoeleza kwa nini yeye amekuchagua wewe, ilhali si lazima kwake kuwa nawe, nikaukosa. Umemuuliza? Muulize, kisha uniandikie alivyokujibu, kwa maneno yake, usiyapange kwenye safu.

Nisalimie mwenzako.

Mama yako