Hedhi ilikoma zamani, homoni ya kuzuiwa inatoka wapi?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 61, naishi Tanga, na hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 50. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi niliandikiwa anastrozoli, miligramu 1 kila siku kwa miaka 5. Ikiwa hedhi ilikwisha koma, ni homoni ipi tena inayozuiwa? Isitoshe, kila asubuhi vidole vinakakamaa hata siwezi kukuna nazi mpaka jua lipande, ilhali jirani yangu anayemeza tamoksifeni halalamiki. Je, niache?

JIBU: Shikamoo, mama. Ovari zikishapumzika, mwili hauachi kabisa kutengeneza estrojeni, ile homoni ya kike, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa androjeni, homoni ya kiume, ambayo hugeuzwa kuwa estrojeni na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo kwenye mafuta ya mwili, misuli na hata titi lenyewe. Kiasi hicho ni kidogo, lakini saratani yenye vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli ambazo homoni hiyo hujishikiza) yaweza kukitumia ikakua. Anastrozoli hukizuia kimeng'enya hicho. Tamoksifeni haizuii estrojeni isitengenezwe, bali hukalia vipokezi, homoni ifike ikute nafasi imeshachukuliwa. Nayo ina madhara yake, yakiwemo damu kuganda kwenye mishipa. (Usimgawie kidonge chako mwanamke ambaye bado anapata hedhi: ovari zake zingali zinafanya kazi, na dawa hii peke yake haizimudu.)

Maumivu ya viungo unayoyaeleza yanajulikana sana kwa dawa za kundi hili, na wala si uzee tu. Kutembea na mazoezi ya mara kwa mara huwapunguzia wengi, na yakizidi daktari wako anaweza kukubadilishia letrozoli, eksemestani au hata tamoksifeni. Usiiache kimyakimya, kwani kuikatiza mapema huongeza uwezekano wa saratani kurudi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mifupa, ambayo hupungua uimara estrojeni inaposhuka, bila kuuma hata kidogo. Omba upimwe uzito wa mifupa, uliza kuhusu vitamini D, na ule dagaa wazima pamoja na miiba yao, maana kalisi imo humo. Siku ya kliniki mweleze daktari vidole hukakamaa kwa muda gani, na umtajie kila dawa unayotumia, za mitishamba zikiwemo.