Jibu: Kifundo kiliuma baada ya mechi, si wakati wa mechi

Umeuliza, mkuu, inakuwaje umetegua kifundo dakika ya 60, ukamaliza mechi, halafu usiku hata kukanyaga huwezi. Kwenye patashika ubongo humwaga endofini na enkefalini (kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu). Hushika vipokezi (sehemu za seli za neva zinazopokea kemikali) vilevile vinavyoshikwa na mofini, dawa kali ya maumivu, na taarifa ya maumivu hubanwa kwenye uti wa mgongo kabla haijapanda kwenye ubongo. Mwili ukipoa, ganzi hiyo inaisha na uvimbe umeshajaa. Kwa hiyo kutouma uwanjani si kipimo hata kidogo. Toka, funga bandeji, weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, inua mguu. Ukishindwa kupiga hatua 4, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo ukaruka kwa maumivu, kapige eksirei.