Mstari wa Bodi Si Pigo: Kwa Wadogo Zangu wa Gereji

Jumanne iliyopita, hapa Chikongola, Mtwara, nilimkuta mdogo wangu mmoja kaupiga puti, ile rojo ya kujazia mabonde ya bati, mlango wa nyuma wa Mazda CX-5 mpaka mstari wa ubavuni umepotea wote. Msasa kaupiga vizuri, mkono mwepesi, uso laini kama kigae. Ila mlango wa mbele una mstari, wa nyuma hauna. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, nilidhani ni sehemu ya pigo."

Ilibidi nikae. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, mbele ya mtu mzima, msasa ukiwa mkononi. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Basi someni, tafadhali, maana nawapenda na nimechoka.

1. Kabla hujashika nyundo, nenda upande wa pili wa gari. Ubavu mzima ndio ramani yako. Chuchumaa, jicho liwe sawa na bodi, utazame mwanga unavyotembea juu ya bati. Fanya hivyo asubuhi au jioni jua likiwa chini, kwa sababu jua letu la saa sita linaficha kila kitu. Na buti je, ambalo halina upande wa pili? Tafuta gari nyingine ya aina hiyo mjini, uikague. Mimi sikutafuta.

Ilikuwa 2003, mwaka ambao daraja la Mkapa lilifunguliwa kule Rufiji. Nilikuwa na miaka miwili kwenye fani. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mikindani akaleta Peugeot 504 yake, rangi ya maziwa. Lori lilikuwa limerudi nyuma na kuligonga buti. Bosi alikuwa msibani Masasi, kazi ikabaki kwangu.

Pigo lenyewe nililitoa kwa nusu siku. Lakini mfuniko wa buti ukabaki na mkunjo: unatoka kwenye kioo karibu bapa, halafu unavunjika na kushuka kuelekea taa za nyuma. Nikajiambia bado umepinda. Nikaupiga nyundo siku nzima, doli, kile kipande cha chuma cha kuegemeza bati, kwa chini, bati linagoma. Leo najua kwa nini liligoma. Presi ya kiwandani ililikunja hivyo, na mkunjo ndio unaolipa bati ugumu. Siku ile niliona ni ukaidi tu, nikafungua puti. Makopo mawili na zaidi. Msasa 80, 180, 320, praima, rangi. Buti likanyooka kama meza.

Mwalimu alikuja Ijumaa baada ya swala, kofia bado kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka gari polepole. Kisha akaweka kiganja juu ya buti na kukitelezesha mpaka pale mkono wake ulipozoea kushuka. Haukushuka. Akarudisha kiganja, akakitelezesha tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mgongo wa gari yangu uko wapi?"

Nikamjibu kwamba nilidhani ni sehemu ya pigo.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi letu la mbao, akasema gari hiyo ndiyo iliyompeleka mkewe hospitali ya Ligula kujifungua, na kwamba wanawe walipokuwa wadogo waliitambua kwa mbali kwa mgongo wake, wakaanza kukimbia kumpokea. Ningefurahi kama angenitukana.

Bosi aliporudi niliikwangua puti yote, siku nne, bila malipo. Mkunjo niliurudisha. Lakini bati nilishalipiga likatanuka, na chini ya rangi mpya yalibaki mawimbi madogo ambayo mwalimu hakuyasema na mimi niliyaona kila gari ilipopita. Baadaye ndipo nikajua kwamba 504 ilitoka 1968, umbo lake ni kazi ya Pininfarina, wasanifu wa magari wa Italia, na mwaka uliofuata ilichaguliwa Gari ya Mwaka huko Ulaya. Ule mkunjo mtu aliukalia na kalamu, akaufikiria, akaamua uwe pale. Nami nilikuwa nimeufukia kwa siku tatu.

2. Land Rover 109 usiitie tumbo kwa puti. Ubapa wake una sababu. Land Rover zilipoanza 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma ni cha mgao, ndiyo maana bodi ikawa ya aloi ya alumini. Mabati yakaachwa bapa ili yakunjwe bila mashine za gharama. Na usikibane kiraka cha chuma kitupu juu ya alumini: kwa upepo huu wa chumvi, alumini inaliwa na kugeuka unga mweupe.

3. Bampa la plastiki lina puti yake. Rangi nyekundu ya Mazda ina tabaka la kung'aa na juu yake tabaka linalopitisha mwanga, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kibati.

Hizi gari za sasa zinachongwa kwa mwanga. Mazda tangu 2010 wanafuata mtindo wanaouita Kodo, na wachongaji wao wanatengeneza umbo kwa udongo, kwa mkono, kabla ya bati. Kazi ya udongo ni ya siku nyingi, msanifu wa magari Harley Earl aliitumia kule General Motors, Marekani, miaka ya 1920. Mjomba wangu alikuwa mchonga mpingo kule Newala. Kila baada ya makato machache alisimama mlangoni, akakizungusha kinyago taratibu, anatazama kivuli kinapoangukia. Sisi tulimwona anapoteza muda. Alikuwa anafanya kile kile ninachowaomba mfanye.

4. Mstari ukishapotea, hurudi kwa tepu ya karatasi. Ivute kutoka mlango mzima, jaza puti upande mmoja, piga msasa kwa ubao, usitumie vidole, kisha hamisha tepu upande wa pili.

Yule mdogo wangu yuko kwenye hatua hiyo sasa. Upande wa juu ameumaliza, tepu ameihamisha mwenyewe bila kuambiwa. Kesho saa moja tunaitoa CX-5 nje, tuchuchumae wote wawili, tuone kama mwanga unavuka kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma bila kukatika.