Bomba la Mvuke Likichomoka, Weka Gundi Kando

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, kijiinjini changu cha mvuke cha zamani bomba limechomoka pale kwenye silinda. Nina epoksi nzuri sana hapa. Nipake?" Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira, maana epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, ndiyo niliyoikuta kwenye injini yangu mwenyewe, imepakwa na fundi niliyemlipa.

Injini yangu ni ya Mamod, kampuni ya Uingereza ya vijiinjini vya mvuke vya kuchezea iliyoanza mwaka 1937. Ina boila (chungu cha kuchemshia maji) ya shaba ya manjano, filimbi, gurudumu zito na silinda moja ya kuyumba. Silinda ya namna hii ni ujanja ambao mpaka leo haujanichosha. Haina vali ya kufungua na kufunga. Silinda yenyewe inayumba juu ya pini yake, ikiwa imeegemea bamba lisilosogea lenye matundu ya mvuke: tundu lake likikutana na tundu la kuingizia, mvuke unaisukuma pistoni; ikiyumba upande wa pili, tundu lilelile linakutana na la kutolea, mvuke unatoka. Kazi ya kuibana silinda kwenye bamba lake imeachiwa springi moja ndogo.

Bomba lilichomoka hapo linapoingia kwenye bamba. Nikampelekea mtu aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa vitu vya kale. Alikaa nayo mpaka nikachoka kuulizia, kisha akanirudishia imejaa gundi, na kabla ya gundi alikuwa ameshapitisha tochi ya gesi. Risasi ya kulehemu, ile metali laini inayounganisha viungo, ilikuwa imeyeyuka kwenye shina la filimbi, na rangi ya kitako imebabuka. Nilipomuuliza, akanijibu: "Si kichezeo tu hicho? Nunua kingine." Kichezeo tu! Neno hilo bado linanichoma, na sitaficha kwamba nusu ya makala haya namwandikia yeye.

Haya, kwa nini gundi hapana. Maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini ndani ya boila yenye shinikizo la bar 1 juu ya hewa ya nje, mvuke unafika kama nyuzi 120. Epoksi nyingi za kawaida huanza kulainika hata kabla ya 100. Itashika vizuri ikiwa baridi, utajisifu, kisha utawasha moto. Risasi ya kulehemu ya bati 60 kwa risasi 40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo una nafasi ya kutosha, mradi maji yamo. Maji yakikauka na moto unawaka, nafasi hiyo inakwisha mara moja na viungo vinaachia. Kuna watakaokwambia tumia risasi ya kulehemu yenye madini ya fedha kwa sababu ina nguvu zaidi. Nguvu inayo, ila inataka nyuzi zaidi ya 600, na viungo vya jirani vilivyolehemewa kwa bati havitakusubiri umalize.

Mimi nilianza kwa kukwangua. Kukwangua gundi ya mtu mwingine ni kazi ya kuvunja moyo, sitaisimulia. Ila safisha. Safisha mpaka shaba ing'ae, ncha ya bomba na tundu linaloipokea, kisha usiguse tena kwa kidole, maana mafuta ya mkono yanatosha kuifanya risasi ikatae kushika. Paka flaksi, dawa inayoisaidia risasi kushika. Chomeka kijiti cha mbao kwenye tundu la mvuke ili risasi isije ikaliziba. Zungushia kitambaa kilicholowa maji kwenye shina la filimbi na kila kiungo usichotaka kiyeyuke. Sasa chukua kifaa cha kulehemu cha umeme chenye ncha nene, ulipashe moto bamba, kwa sababu bamba ndilo zito na ndilo linalonyonya joto. Bomba ni jembamba, litapata moto lenyewe. Bamba likiwa tayari, gusisha risasi nalo litaivuta mpaka ndani. Ukiona risasi inajikunja kama tone la maji juu ya jani la mgomba, hukusafisha. Rudi mwanzo.

Bamba langu lilikuwa pia na mikwaruzo, na hapo ndipo wengi wanapolaumu pistoni bure. Mvuke ukitoka kati ya silinda na bamba, tandika msasa laini wenye maji juu ya kioo, sugua uso wa silinda taratibu kwa mizunguko, ufanye hivyo hivyo kwa bamba, kisha osha unga wote. Usikimbilie kukaza springi. Ukiikaza mno msuguano unaila nguvu yote, na injini inasimama ikihema.

Nilipopuliza kwa mdomo kwenye bomba na gurudumu likazunguka, nilipiga kelele peke yangu. Sioni aibu.

Vijana mnaopenda mashine hizi, nisikilizeni. Mnataka kuona gurudumu likizunguka leo, ndiyo maana mnashika gundi. Mtu asiyeweza kukaa na msasa jioni nzima asiguse kitu kilichodumu miaka mingi kuliko umri wake. Nimeona injini nzuri zikifa mikononi mwa watu wenye haraka, na wote walikuwa na sababu nzuri.

Kwa wewe uliyeniandikia: ukimaliza kulehemu usiwashe moto kwanza. Jaza boila maji baridi mpaka juu, usiache hewa, uisukume kwa pampu ya mkono yenye geji mpaka mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Maji baridi yakipenya mahali utaona tone tu. Mvuke ukipenya utakuunguza. Na vali ya usalama, ile ya springi iliyo juu ya boila, ikiwa imeganda au huijui historia yake, usiitengeneze. Nunua mpya inayolingana na boila yako.