Maswali ya Wasomaji: Jino Moja la Sproketi na Mlima wa Umalila

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda, na kazi yangu kubwa ni kupandisha mbolea kutoka Mbalizi kwenda Umalila, kisha kushusha viazi wakati wa mavuno. Pikipiki yangu ni ya cc 125. Nikipakia mifuko miwili ya kilo 50, gia ya pili haivuti kabisa na klachi inatoa harufu ya kuungua. Kijiweni mmoja ananishauri nifunge sproketi kubwa zaidi nyuma, mwingine anasema nipunguze ya mbele. Nimfuate yupi?
Msomaji, Mbalizi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Wote wawili wanakuelekeza mahali pamoja, kwa kuwa kinachobadilika ni uwiano wa meno ya sproketi (visahani vyenye meno vinavyoshika cheni) ya nyuma na ya mbele. Anza kwa kuhesabu meno ya sproketi zako. Mara nyingi idadi imegongwa ubavuni mwa sproketi, lakini ikiwa imefunikwa na matope na grisi, paka jino moja chaki, kisha hesabu mpaka urudi palepale.

Tuchukue mfano wa meno 14 mbele na 42 nyuma. Ukigawanya 42 kwa 14 unapata 3, maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukifunga meno 13 mbele, uwiano unakuwa 3.23, ukiacha 14 mbele na kufunga 45 nyuma, unakuwa 3.21. Kwa hiyo, kwa mfano huu, kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma, na kwa vyovyote vile gurudumu linapata nguvu ya kuvuta iliyozidi ile ya awali kwa asilimia 7 hadi 8. Nguvu hiyo unailipia kwa mwendo: pale ambapo injini ilikupa kilomita 60 kwa saa, kwa mzunguko uleule sasa itakupa takribani 56.

Kwa kazi yako ningeanza na ya mbele. Bei yake ni ndogo, na isipokufaa unarudisha ya zamani siku hiyohiyo. Cheni nayo haikusumbui, kwani kwa cheni ya kawaida ya pikipiki ndogo, ambayo pingili zake zina hatua (umbali kutoka pini moja hadi nyingine) ya milimita 12.7, gurudumu la nyuma linarudishwa nyuma kwa milimita tatu hivi tu. Sproketi ya meno 45 ingelazimu gurudumu lisogezwe mbele karibu sentimita moja, na nafasi hiyo isipokuwepo utanunua cheni ndefu zaidi. Hata hivyo, usishawishike kushuka hadi meno 12, kwa sababu cheni inajikunja mno kila inapozunguka sproketi ndogo, inachakaa upesi, na katika baadhi ya pikipiki inaanza kukwaruza mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma.

Kuna jambo ambalo wenzako kijiweni hawakulitaja. Milima ya Umalila inapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na injini ya namna hii hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Sproketi hairudishi nguvu hiyo. Inakusaidia tu kuitumia vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo nakusihi sana upunguze mzigo uwe mfuko mmoja kwa safari, na ukague kama waya wa klachi una ulegevu kidogo kwenye mkono wake, maana klachi inayonuka tayari inateleza, na asilimia 8 haitaiponya.

Wakati wa kushusha viazi utafurahia badiliko hili pia, kwani katika gia ileile injini itaizuia pikipiki zaidi. Lakini faida hiyo haipo kabisa kwa anayeshuka akiwa ameweka frii, yaani bila gia yoyote, ili kuokoa mafuta. Tafadhali usifanye hivyo ukiwa na mzigo. Breki zikishapata moto mteremkoni, hakuna kingine cha kukushika.

SWALI: Kila wiki nasafiri kwa lami kutoka Mafinga hadi Makambako, nikiwa peke yangu. Je, nikiongeza jino moja mbele nitaokoa mafuta?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Huenda, ikiwa gia yako ya juu ina nguvu ya ziada. Kwa mfano wetu, 42 kwa 15 ni 2.8, hivyo injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika itashuka hadi takribani 4,670 kwa mwendo uleule. Jipime kwanza: ikiwa hata sasa unalazimika kushusha gia kwenye vilima au upepo ukikukabili, jino la ziada litakufanya uendeshe safari nzima kwa gia ya chini, na akiba itapotea. Angalia pia waya wa spidomita. Ukitokea gurudumu la mbele, hakuna kitakachobadilika. Ukitokea upande wa injini, mshale ukisoma 80 wewe utakuwa unakwenda karibu 86.

SWALI: Nimefunga sproketi mpya mbili lakini cheni inaruka nikiongeza mafuta. Kosa liko wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Hukutaja cheni mpya, nami nina hakika kosa liko hapo. Cheni iliyochakaa imerefuka, hivyo pingili zake hazikai sawasawa kwenye meno mapya, na itayachonga mpaka yapinde kama ndoano. Nunua cheni mpya leo, kabla sproketi hazijaharibika. Unapoifunga, upande usio na mwanya wa klipu (kibanio kinachofunga pingili ya kuunganishia cheni) uelekee inakokwenda cheni, na katikati iachie mchezo, yaani ulegevu wa kupanda na kushuka, wa milimita 20 hadi 30, au kadiri kitabu cha pikipiki yako kinavyoagiza.