Saruji au chokaa? Hesabu ya miaka 20 kwa nyumba ya mawe

SWALI: Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Unguja. Kuta ni za mawe ya matumbawe, dari ni ya boriti. Ukumbi wa chini lipu imebambuka mpaka usawa wa kifua na inatoa unga mweupe. Katika miaka 9 tumeshapiga lipu ya saruji mara mbili. Fundi mmoja anataka shilingi milioni 3 arudie saruji. Mwingine anataka milioni 5.5 kwa lipu ya chokaa, na laki 2 kila baada ya miaka miwili kupaka chokaa upya. Ipi nafuu?

JIBU: Chokaa. Kipimo mnacho wenyewe: saruji kwenye ukuta wenu hudumu miaka minne na nusu. Kwa miaka 20 mtaipiga mara 5, yaani milioni 15 hata bei isipopanda. Chokaa ni milioni 5.5, na kupaka mara 9 ni milioni 1.8. Ongezeni laki chache za viraka, bado haifiki milioni 8.

Na hapo hatujagusa boriti. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ardhini na kuyatoa hewani. Ukiufunga kwa saruji, unyevu hupanda juu kutafuta pa kutokea, hata ufike kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Vikioza, sakafu ya juu lazima iegemezwe kwa nguzo ndipo boriti zibadilishwe, kazi inayozidi bei ya lipu mara nyingi. Choma vichwa hivyo kwa bisibisi kabla ya kumlipa fundi yeyote. Ikizama kwa urahisi, anzeni na boriti. Unga mweupe nao ni chumvi: huganda nyuma ya saruji, huisukuma, na saruji ikianguka huondoka na uso wa jiwe.

Kwanza tafuteni maji yanakotoka: mfereji wa paa uliotoboka, bomba la choo linalovuja, au ardhi ya nje iliyopanda kuliko sakafu. Bila hivyo hata chokaa itaharibika. Kisha bandueni saruji kwa nyundo na patasi mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi ifagiliwe kavu; ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Acheni ukuta ukauke miezi kadhaa. Hapa ndipo wengi hukosa subira na kupoteza fedha.

Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe msafi na wenye chenga. Wa pwani una chumvi, msiuguse. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikapoa, ikae chini ya maji angalau mwezi. Pigeni mikono miwili ya milimita 10, kila mmoja ukwaruzwe na kungoja wiki au zaidi, halafu wa mwisho mwembamba wa milimita 3 hadi 5. Nyunyizeni maji asubuhi na jioni na kufunika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa hukomaa kwa hewa lakini ikikauka haraka hupasuka na kuwa unga.

Fundi akitaka kutia saruji kidogo "ishike haraka", mkatazeni: kiasi hicho hudhoofisha chokaa. Rangi ya plastiki pia hapana, itaufunga ukuta upya. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kipatikane kabla ya nyundo ya kwanza.