Soko la wakulima: listi acha nyumbani, beba pua

Kwa miaka mingi mi nilikua mtu wa supamaketi. Naingia na listi, nasukuma toroli, robo saa nimetoka na sijaongea na mtu zaidi ya kusema asante. Soko la wakulima nilikua naona ni la watu wenye muda wa kupoteza. Siku ya kwanza nimeenda nilikua namsindikiza mtu tu, nikajikuta nanunua kila kinachong'aa, nyanya nikatupia chini ya kapu, viazi juu yake, juu ya viazi tikiti zima, na nafika nyumbani nina rojo ya nyanya na mboga za majani zimelala kama nimezipika tayari.

Sasa kilichonirudisha ni mahindi. Kulikua na mama anauza mahindi mabichi, nikamuuliza ili nisionekane mgeni tu, mama, haya yamevunjwa lini? Akanijibu hata macho hakupepesa, "Haya ya juzi mwanangu. Kama ni ya kuchemsha usinunue leo, njoo Jumamosi mapema." Aisee nilisimama pale kama nimepigwa shoti, maana muuzaji gani anakuambia usinunue? Jumamosi nikaenda, nikachukua, nikayatia kwenye sufuria muda uleule nilivyofika. Yalikua matamu mpaka nikahisi kuna mtu kaweka sukari. Kumbe hindi bichi likishavunjwa ile sukari yake inaanza kugeuka wanga, na joto ndio linaharakisha kabisa, kwahiyo haya ya siku tatu tunayonunua yameshapoteza mengi njiani.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwenye kila meza ni hilohilo, umevuna lini? Bei nauliza baadae. Aliyelima mwenyewe hajifikirii, atakuambia jana jioni, leo alfajiri, na akiona unasikiliza ataongeza na mvua ilivyomsumbua. Aliyenunua kwa jumla atababaika kidogo. Sio kwamba ni mwizi, naye anatafuta riziki, ila wewe sasa unajua unanunua nini.

Kingine nilichofundishwa palepale mezani na sikuwahi kukitilia maanani ni kwamba kukomaa na kuiva ni vitu viwili. Parachichi linakomaa mtini lakini haliivi mtini, linalainika likishachumwa, kwahiyo gumu sio baya ilimradi limekomaa. Mi huwa nachukua matatu, moja la leo, moja la keshokutwa, na moja gumu kama jiwe nalifungia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, maana ndizi inatoa gesi inayoivisha wenzake. Nanasi ni kinyume kabisa. Likishakatwa shambani utamu umeishia hapo, utaliweka juu ya kabati wiki nzima litabadilika rangi na kulainika ila utamu hauongezeki. Kwahiyo nanasi linuse kwenye kitako, likiwa halinukii chochote liache. Nyanya nusa pale penye kikonyo, na ukifika nyumbani tafadhali usizikimbize kwenye friji, baridi inaua ile harufu uliyoifuata asubuhi yote. Viazi visikae juani, vikianza kuwa vya kijani usile hiyo sehemu, ina sumu.

Kuhusu saa ya kwenda watu wanabishana. Mapema unachagua, jioni bei inalainika kwasababu hakuna anayetaka kurudi na mzigo. Mi ni wa mapema. Nishawahi kwenda jioni nikafurahia bei, nafika nyumbani nusu yake natupa.

Halafu hii ya listi. Ukienda na listi utatafuta kitu ambacho msimu wake umepita, ukikipata kitakua kimetoka mbali na kimechoka na bei imechangamka, huku umepita vitu vitano vilivyovunwa alfajiri. Mi sasa nazunguka kwanza soko zima mikono mitupu bila kununua, naangalia nini kimejaa kwenye meza nyingi, hicho ndio msimu wake, halafu ndio naamua tunapika nini. Utakula vitu ambavyo usingefikiria kununua. Na usikimbie vile vyenye sura mbaya, kuna siku nilipata karoti ina miguu miwili imekunja nne kabisa, watoto wakagombania nani aimenye. Ila majani ya karoti yakate ukifika tu, yanainyonya maji inanyauka.

Kupatana bei, patana, ni sehemu ya raha yenyewe, ila kuna watu wanamkamua mkulima hadi unaona aibu kusimama karibu yao, mtu kaamka usiku kubeba mzigo na wewe unamgandisha kwa kafungu kamoja ka vitunguu. Mi nikiona mtu ananiambia ukweli wa mzigo wake simsumbui. Na hela ndogondogo nenda nazo, asubuhi chenji ni shida.

Jumamosi iliyopita yule mama wa mahindi aliniona tangu mbali akaanza kutikisa kichwa. Hata sijafika. Akaninyooshea mdomo meza ya jirani yake, kule kulikua na maharage mabichi bado yako kwenye maganda yake, nikachukua kapu zima, na jioni yote tulikaa mlangoni tunapukuchua, simu ziko ndani huko zinalia hakuna wa kuinuka.